Rundo la Chini ya Kitanda

Wanafunzi wa chuo walimwita Babu Soli. Jina lake halisi walilitumia watu wawili tu, mkewe na karani wa vitambulisho. Karani alistaafu. Mkewe akafa. Jina likabaki halina wa kuliita.

Kibanda chake kilitazamana na lango la chuo. Alikuwa na kigoda, kisanduku cha misumari, kopo la gundi, msharasi wa kutobolea soli, na chuma cha kugongea viatu. Ubavuni pake aliketi fundi saa, nyuma ya meza ya kioo iliyojaa saa zisizotembea. Walikaa hivyo miaka kumi na tisa. Mmoja hasemi, mwingine hanyamazi.

Tangu msiba, miezi mitano sasa, Babu Soli alizidi kupunguza maneno. Mteja akiuliza, "Lini?" anajibu, "Kesho." Akiuliza, "Kitapona?" anakitazama kiatu, anatikisa kichwa au hatikisi.

"Rafiki yangu," fundi saa alimwambia, "ukiendelea hivi utasahau hata kupiga chafya."

Babu Soli alipaka gundi.

Mkewe alikuwa mwalimu wa Kiarabu. Alianza na watoto wa madrasa, akaishia na wanafunzi wa mwaka wa kwanza pale chuoni. Miaka ishirini na sita. Watu wote walimwita Mwalimu, na mumewe pia, hata wakigombana. "Mwalimu, chumvi imezidi." "Basi kesho pika wewe, fundi, tule gundi."

Yeye fundi hakusoma. Utotoni alifundishwa kuzitamka herufi za Kiarabu, akakatishwa hapo akashike nyundo. Mpaka uzeeni aliweza kuusoma ukurasa mzima ukatoka vizuri, na asijue umesema nini. Watu kama yeye ni wengi, wala si aibu. Lakini ukiwa mume wa Mwalimu, inakuwa aibu kidogo.

Mwalimu hakutupa karatasi ya mwanafunzi. Walimu wengine walisahihisha, wakarudisha, yakaisha. Yeye, zile insha zilizoanguka vibaya aliwaomba wenyewe wamwachie. Alisema mwanafunzi akianguka usimwambie ameanguka, hilo analijua. Tafuta alijikwaa wapi. Karatasi za kila mwanafunzi alizifanya bunda moja, akalibana kwa pini mbili. Mabunda akayapanga marundo. Rundo moja lilikaa dirishani, limelaliwa na tofali lisiruke na upepo. La pili lilikaa jikoni, kwenye rafu, juu yake pasi ya mkaa. La tatu kabatini, kwenye vidonge vya kufukuzia nondo. Hakuyaandika majina. Yeye mwenyewe alijua.

"Usiyaguse," alisema. "Ukihamisha rundo, umenihamisha akili."

Na kuna msemo mmoja aliuchukia kama jino bovu, ule wa asiyejua maana haambiwi maana. "Sasa asipoambiwa yeye," aliuliza, "aambiwe nani? Anayejua?"

Siku ya msiba nyumba ilijaa. Vyumba vyenyewe viwili. Watu wanatafuta pa kukaa, watoto wanatambaa, mwanawe wa kike analia jikoni. Babu Soli hakujua aiweke wapi mikono yake. Macho yakaangukia karatasi. Akaanza kuzikusanya: dirishani, jikoni, kabatini, mpaka chini ya kitanda. Aling'oa pini zote zisije zikachoma watoto. Akazigonga kingo zikalingana, kama anavyolinganisha ngozi kabla ya kukata, akazipanga ndani ya gunia moja safi. Alifanya kwa heshima zote. Kila pini aliyoing'oa aliona anamtumikia mkewe.

Siku ya tatu, watu wametawanyika, alikaa kitandani akalitazama gunia. Ndipo likamjia lile neno. Ukihamisha rundo.

Maji yalikwisha mwagika. Hakumwambia mtu.

Binti mmoja wa chuo alikuja asubuhi moja na kiatu mkononi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mtandio mweusi, mkoba umevimba vitabu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Kisigino hiki, babu. Naona kinalegea."

Babu Soli alikigeuza. Akakibonyeza kwa kidole gumba. "Kizima."

"Kinalegea kidogo."

"Unakanyagia upande wa nje, kama mtu aliyechelewa. Lakini kizima. Sema kilichokuleta."

Fundi saa alicheka mpaka lenzi ikamwanguka jichoni. "Umepatikana, mwanangu! Huyo hasomi vitabu, anasoma nyayo."

Binti aliinama, akakaa kwenye benchi la wateja. Akasema yeye ni mwanafunzi wa Mwalimu, sasa yuko mwaka wa tatu, anafanya utafiti. Alisema polepole, maana alikuwa amelifanyia mazoezi jambo hili njiani.

"Kila mwaka wanaanza Kiarabu wanafunzi mia, babu. Wanaomaliza hawafiki thelathini. Hao wengine wanaendelea na masomo ya dini hivyo hivyo. Ukiwaambia wafanye utafiti, kitabu cha asili hawakiwezi. Wanategemea alichosema fulani kwamba fulani kasema. Wanatafiti kwa macho ya kuazima. Chuo kinauliza kwa nini wanaacha, na hakuna anayejua. Mwalimu alijua."

Babu Soli aliendelea kukishika kile kiatu kizima.

"Kabla hajaugua sana alinipa daftari lake. Yote yamo humo. Lakini kila ukurasa unakutuma nyumbani kwenu. 'Kwa hili tazama dirishani.' 'Mfano wake uko jikoni.' Babu, dirishani kuna nini?"

"Kuna dirisha," alisema Babu Soli.

Fundi saa hakucheka safari hii.

"Karatasi," binti akasema. "Za wanafunzi. Ziko?"

Mzee alipekua kisanduku cha misumari kana kwamba jibu limo humo. "Zilipotea. Siku ya msiba. Watu walikuwa wengi."

"Zote?"

"Zote."

Binti aliukumbatia mkoba wake. Kisha akasema baraza la utafiti la chuo litakaa baada ya wiki tatu, kuchagua ni utafiti wa nani utakaofuatwa katika kubadilisha masomo ya mwaka wa kwanza. Daftari bila karatasi watamwambia ni hadithi za bibi kizee. "Yatakuwa yamekwisha, babu. Kazi yake yote."

"Pole, mwanangu."

Alikipigia kiatu msumari mmoja ambao hakikuuhitaji, ili asiwe amekuja bure. Binti akashukuru, akaondoka anakanyagia nje.

Fundi saa alingoja mpaka amevuka barabara. "Kumbe zilipotea! Basi nitakuwa nimeiba mimi. Si mimi niliyeiba kalibu yako?"

Lilikuwa donda la miaka sita. Kalibu ya mti, ile ya umbo la mguu wa kufinyangia viatu, ilipotea kibandani, na Babu Soli akamtuhumu mwenzake mbele ya wateja. Mwezi mzima hawakusemeshana, wamekaa bega kwa bega. Na sasa, tangu siku ya msiba, Babu Soli anajua ilipokuwa. Ilikuwa kabatini, imelalia rundo la tatu. Mwalimu aliichukua iwe kigandamizo.

Hilo nalo hakulisema. Mtu akishaanza kuficha, ghala halijai.

Jioni mwanawe alipiga simu kutoka anakokaa, mji mwingine. Alipiga kila wiki, na kila wiki neno lilikuwa moja.

"Baba, njoo ukae kwetu. Unafanya nini peke yako kwenye nyumba ya vyumba viwili?"

"Nipo."

"Upo na nani? Na lile gunia? Baba, lichome. Litakuletea mende. Mama angekuwa hai angesema hivyo hivyo."

Mama angekuwa hai, aliwaza Babu Soli, gunia lisingekuwepo. Lakini alisema, "Nitaona."

Akafunga simu. Akanywa chai yake amesimama. Siku hizi alikunywa chai amesimama, kwa sababu viti vilikuwa viwili.

Siku ya mapumziko, asubuhi, alikaa mlangoni kwake na kazi ya mtu mwenye kidole kilichopinda. Kiatu cha mtu huyo kilitaka ruwaza ya karatasi kwanza, ya kukatia ngozi. Karatasi hakuwa nayo. Alilitazama gunia. Si zimekwisha haribika? Akachomoa moja, akaiweka juu ya goti, akachukua mkasi.

Jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa mlango. Alipoinua karatasi apate kuona mstari, nuru ikapita kwenye vitundu viwili juu, kila kimoja kimezungukwa na duara dogo la kutu. Kimoja kilikaa pembeni kabisa, cha pili kimeshuka, kama jicho lililolegea. Pini ya Mwalimu. Hakuwahi kuichoma pini mahali pamoja mara mbili, mwanamke yule. Alikuwa anachoma huku anazungumza.

Babu Soli aliuweka mkasi chini.

Kiatu kikiachana na soli yake, fundi anayeijua kazi hatoboi upya. Anafuata matundu ya zamani. Tundu la huku lina mwenzake kule, na yakikutana, uzi unapita wenyewe. Alitia mkono guniani, akatoa karatasi ya pili. Vitundu vyake vilikaa kwingine. Ya tatu kwingine. Ya kumi na saba aliiweka juu ya ile ya kwanza, akaziinulia jua zote mbili.

Nuru ilipita.

Alikaa hivyo kwa muda, ameinua mikono kama mtu anayetundika nguo. Kisha akaingia ndani, akalimwaga gunia lote kitandani.

Siku iliyofuata alimwita binti pale langoni kwa mkono. Binti akavuka barabara.

"Nilikudanganya," alisema Babu Soli. "Hazikupotea. Nilizichanganya mimi. Pini nimeng'oa mimi."

Binti aliutua mkoba kwenye benchi.

"Lakini zinarudi," mzee akasema. "Njoo uone. Njoo na mtu wa kwenu."

Kwa kuwa alikwisha fungua mlango, akaona na siri ya pili itoke hapo hapo. Akamgeukia fundi saa. "Na kalibu ilikuwa kwangu. Mke wangu aliichukua."

Fundi saa aliiweka chini saa aliyoishika. Akaiondoa lenzi. "Miaka sita," alisema. "Miaka sita umeniita mwizi, na mwizi unalala naye!"

"Nimekosa."

"Umekosa sana." Alirudisha lenzi jichoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Alikuwa na mikono myepesi, Mungu amrehemu. Hata mimi nilipotelewa na koleo."

Binti alikuja na shangazi yake, mama mnene mwenye maneno, ili watu wasiseme. Walitandika mkeka barazani, mlango wazi. Shangazi alikaa kwenye kiti kimoja katika vile viwili, akauliza, "Huku mnatafuta nini, dhahabu?"

"Matundu, shangazi."

"Makubwa haya. Nimeacha nguo zangu majini nije kutazama matundu." Akalala usingizi dakika ile ile.

Karatasi zilikuwa kama mia nane. Babu Soli aliziinua moja moja kwenye nuru, binti akazipokea. Hakusoma hata moja. Aliangalia kutu, akaangalia umbali wa tundu na tundu, akasema, "Na ile ya jana yenye doa." Na kweli ilikuwa na ile ya jana yenye doa, binti akitazama mwandiko, ni wa mkono mmoja. Mara ya tano hakutazama tena.

Siku ya sita mabunda yalikuwa yamekamilika. Lakini bunda lipi lilikaa wapi?

"Hapo ndipo tumekwama," alisema binti. "Matundu hayasemi."

"Jua linasema," alijibu Babu Soli.

Alichukua bunda moja akalinusa. "Jikoni. Lina moshi." Jingine lilikuwa limeiva rangi ya chai upande mmoja, na katikati mstari mweupe upana wa tofali. "Dirishani." Jingine jeupe, limetafunwa pembe, likanukia vidonge vya nondo. "Kabatini." Aliyataja kama mtu anayetaja watoto wa ndugu yake. Nyumba ile aliijua kila inapovuja na kila inapoota jua. Alikuwa hajui tu kwamba kujua huko ni kujua.

Binti alifungua daftari, akalinganisha, macho yakamjaa machozi. Akamweleza. Rundo la dirishani lilikuwa la wale wanaofikiri kwa Kiswahili kisha wakakivalisha maneno ya Kiarabu, kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. La jikoni, la waliokariri kurasa kwa kurasa wasielewe, ukiwauliza kitu kidogo nje ya walichokariri wanazama. La kabatini, la waoga. Wanajua, lakini wanaandika mistari miwili na kuficha mingine.

"Kila kundi lina dawa yake," alisema. "Sisi tunawapa wote dawa moja. Ndiyo maana wanaacha."

Babu Soli aliitikia kwa kichwa. Alifikiri mkewe alikuwa anahifadhi takataka kwa upendo. Kumbe alikuwa anapanga viatu kwa miguu.

"Limebaki moja," binti akaendelea. "Daftari lina la nne. Chini ya kitanda."

Mzee alikuwa amekwisha liona. Siku ya pili tu ya kuchambua, mkono wake ulitoa karatasi tatu zenye matundu makubwa, si ya pini, ya msharasi. Zilikuwa zimeshonwa kwa uzi wa viatu wenye nta, na siku ya msiba aliukata uzi bila kutazama. Safari hii alitazama. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, kama kuku amekanyaga wino. Zilikuwa zake.

Mwaka wa pili wa ndoa yao Mwalimu alijaribu kumfundisha. Kila alasiri, mwezi mmoja. Siku moja akamwambia aandike habari za kazi yake kwa Kiarabu. Akaandika. Penye neno asilolijua alichora: kiatu hapa, nyundo pale, msumari. Alijiona mjanja. Mwalimu alisoma, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. Hakucheka kwa ubaya. Lakini kesho yake fundi alisema ana kazi nyingi kibandani, na kesho kutwa pia, na masomo yakafa bila mtu kuyazika. Miaka mingi baadaye, akiulizwa, alikuwa anagonga kichwa na kusema, "Hiki ni soli tupu."

Kumbe alizihifadhi. Ili aendelee kucheka, basi. Babu Soli alizikunja zile karatasi tatu akazitia mfukoni mwa shati, na huko ndiko zilikokuwa binti alipouliza.

"Chini ya kitanda hapakuwa na kitu," alisema. "Labda viatu."

"Una hakika, babu?"

"Kitanda ni changu."

Shangazi alifungua jicho moja, akamtazama, akalifunga.

Siku moja kabla ya kikao cha baraza la utafiti binti aliyaacha marundo yote pale barazani, na daftari juu yake, kesho asubuhi aje na mkokoteni. Babu Soli alibaki nayo. Ilikuwa alasiri. Kibandani hakwenda.

Alilichukua daftari ili alisogeze tu. Likafunguka.

Hakutarajia kitu. Maandishi ya Mwalimu kwake yalikuwa ukuta. Lakini aliona herufi anazozijua, akaanza kuzitamka kwa mazoea, kama alivyozoea kutamka asichokielewa. Akashtuka. Alielewa. Lilikuwa Kiswahili. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee walivyoandikiana barua zamani. Daftari zima. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu. Mmoja anasoma chochote, mwingine anasoma herufi hizi tu.

Alisoma kwa kidole. Ilimchukua mpaka jua likakaribia kuzama. Karibu na mwisho akafika.

*Chini ya kitanda. Mwanafunzi mmoja. Wa kwanza wangu, na ndiye niliyempoteza. Hakuwa mzito. Hakuwa na neno akatafuta njia, akachora. Nikacheka. Hakurudi. Tangu siku hiyo sijacheka kosa la mwanafunzi, na nimehesabu: wanaochekwa huacha zaidi kuliko wanaoshindwa. Atakayesoma daftari hili aanzie hapa, si dirishani.*

Babu Soli alirudia. Akarudia tena. Aliangalia kile kiti kingine, kana kwamba kuna la kujibu. Miaka thelathini na minane wamelala kitanda kimoja, na hilo lilikuwa chini yake, na hakuna aliyesema.

Chumba cha baraza la utafiti kilikuwa na meza ndefu na watu watano. Mlinzi wa lango alimpitisha mzee. Buti zake zilikuwa zimesimama kwa mkono wa Babu Soli. Binti alikuwa mbele, anaeleza, marundo matatu mezani. Mlango ulipolia wote wakageuka. Mzee akavua viatu kwa mazoea, akaingia pekupeku.

"Mzee, huku kuna kikao," alisema mkuu wa idara, mtu wa miwani, kwa upole.

"Najua. Nimeleta la nne."

Aliziweka karatasi tatu mezani. Mkuu wa idara alizitazama, akampa jirani yake. Jirani, mwalimu kijana aliyenyoa vizuri, alipofika kwenye kile kiatu kilichochorwa katikati ya sentensi hakujizuia. Kicheko kikamtoka. "Jamani! Na nyundo! Huyu alikuwa anafanya mtihani wa nini?" Wawili wengine wakacheka naye.

Babu Soli alitazama sakafu.

"Naomba nisome," alisema binti. Akafungua daftari karibu na mwisho, akasoma, neno kwa neno, mpaka pale pa aanzie hapa.

Aliyecheka aliirudisha karatasi mezani taratibu, kama kitu cha moto. Mkuu wa idara alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Mwanafunzi huyu," aliuliza mwishowe, "anajulikana?"

"Fundi viatu," alisema Babu Soli.

"Anaweza kupatikana? Tungependa kumsikia."

"Yupo. Hana la kuongeza."

Ndipo wakamtazama miguu, mikono, kucha nyeusi za gundi. Mwalimu kijana akainuka kwenye kiti chake. "Mzee wangu, nisamehe."

"Keti," alisema Babu Soli. "Hata yeye alicheka."

Utafiti ulipita. Binti alikuja kibandani akikimbia kueleza: muhula ujao walimu wa mwaka wa kwanza wataanza na marundo, na maktaba imetoa kabati lenye vyumba vinne. Wamebandika majina, Dirishani, Jikoni, Kabatini, Chini ya Kitanda, kama yalivyo. La mwisho limewekwa juu.

"Jina lako tuliandikeje, babu?"

"Lilivyo. Fundi viatu."

"Haya, profesa," alisema fundi saa. "Sasa hata salamu utatutolea kwa Kiarabu."

Babu Soli alicheka. Kicheko kidogo, kikavu. Fundi saa alikisikia, akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida.

Alirudi nyumbani mapema. Baraza la nyumba lilikuwa jeupe. Mkeka umekunjwa. Ndani, kitanda kilikuwa kitanda tu. Dirishani rangi ya ubao ilikuwa imebaki mbichi pale rundo lilipokaa, mraba mmoja uliokuwa haujaona jua miaka mingi.

Simu ililia.

"Baba, nimesikia karatasi zimeondoka! Alhamdulillahi. Sasa huna cha kulinda. Utakuja?"

"Bado."

"Unangoja nini tena?"

Vile vigandamizo vya marundo vilikuwa pembeni mwa mlango, alipoviweka siku ya msiba. "Kuna vitu sijavipanga," alisema.

Alilichukua tofali, akalirudisha dirishani, juu ya ule mraba. Pasi akairudisha kwenye rafu ya jikoni. Kalibu aliishika kwa muda mrefu. Kazini aliihitaji, kuna kiatu cha mtu mwenye kidole kilichopinda kinaingoja mpaka leo. Akafungua kabati. Vidonge vya nondo vilikuwa vimebaki viwili.

Akaiweka kabatini, akafunga.